Tupeane uzoefu: unachaguaje sweta la baridi kali lenye joto na linalopendeza?

Fundi Sindano
Wakuu, salaam. Baridi ikikaza watu hununua sweta kwa macho: rangi imekubali, limejaa mkononi, basi. Wiki ya pili limeota vifundo, mabega yamelegea, na mvaaji bado anatetemeka ndani ya koti. Uzi huu tuweke mambo yanayopimika.

Naanza na lebo ya ndani. Kinachokupa joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Nywele za sufu zimejikunja zenyewe, kwa hiyo hushika hewa nyingi hata sweta likiwa jembamba. Tena sufu hunyonya mvuke wa jasho hadi takriban asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi ubichi. Akriliki, uzi wa kiwandani unaoigiza sufu, hainyonyi karibu chochote, ndiyo maana ukitembea kwa kasi mgongo unalowa, ukisimama unaganda. Pamba hunyonya sana lakini hukawia kukauka, na ikilowa hulala bapa, hewa yote inatoka. Sweta la pamba ni la kukaa ndani, hata liwe nene vipi.

Tafuta sufu kuanzia asilimia 70. Nailoni ya asilimia 10 hadi 20 isikutishe, inaimarisha viwiko na pindo. Lakini ukikuta neno "sufu" kwa herufi kubwa mbele, halafu lebo ya ndani inasema asilimia 8, hilo ni sweta la akriliki. Lilipie bei ya akriliki.

Uzi Mrefu
Asante mkuu. Naongeza kuhusu kuwasha. Wengi husema sufu inawadhuru, kumbe mara nyingi tatizo ni unene wa nywele. Nywele ikivuka takriban maikroni 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ncha yake haipindi inapogusa ngozi, inachoma. Merino laini, sufu ya kondoo wa merino, ni maikroni 17 hadi 20, na kashmiri, manyoya laini ya mbuzi, kwa kawaida haivuki 19. Usipime kwa kiganja, ngozi yake ni ngumu. Weka sweta shingoni chini ya sikio, lisubiri dakika nzima.

Na ulaini wa kupitiliza dukani usikudanganye, hasa kwenye kashmiri. Sweta linaweza kusuguliwa kiwandani mpaka nywele fupi zikasimama juu, likateleza mkononi vizuri sana. Nywele hizo fupi ndizo zitakazojiviringisha kuwa vifundo kwapani na mbavuni, pale mkono unapopita kila hatua. Sugua kifua cha sweta kwa kiganja kama mara 20, nguvu ya wastani. Nywele zikianza kukusanyika, lirudishe. Kisha vuta pindo la chini kwa mikono miwili, achia. Likirudi palepale, uzi umesokotwa vizuri. Likibaki limefunguka, mwezi haujaisha litakuwa limening'inia. Mwisho liinue kwenye mwanga: matundu yalingane, pasiwe na sehemu nyembamba karibu na mishono.

Binti Kola
Nauliza wajuzi: nene sana ama jembamba? Na yale ya misokoto kifuani yana faida, ama ni urembo tu?

Fundi Sindano
Dada, faida ipo. Msokoto hukunja kitambaa juu ya kitambaa, hewa inaongezeka, ila uzi mwingi unatumika na sweta linakuwa zito. Yale ya Aran ya Ireland ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Yavae kama vazi la juu, na koti liwe pana.

Sweta la Guernsey, la wavuvi wa kisiwa cha jina hilo, lilifumwa kwa kubana sana ili upepo usipenye, na kwa asili mbele na nyuma ni sawa, hivyo unaligeuza viwiko vikianza kuchoka. Linafaa mahali penye upepo kuliko sweta nene lililofumwa kwa kulegea, ambalo upepo mmoja tu unalimaliza joto.

Yale ya rangi nyingi ya Fair Isle, kutoka visiwa vya Shetland huko Scotland, yana siri nyuma: rangi isiyotumika hupita upande wa ndani, kwa hiyo eneo la mapambo lina tabaka mbili. Ligeuze kabla hujalipa. Nyuzi zinazopita ndani zikiachwa ndefu kuliko sentimita 3 hivi bila kushikizwa, vidole na pete zitanasa kila unapovaa.

Kuhusu unene, angalia geji, yaani idadi ya sindano kwa inchi moja ya mashine. Geji 12 au 14 ni jembamba la kuvaa chini ya koti, 7 ni la kati, 3 hadi 5 ni nene. Kwa maoni yangu, mwenye uwezo wa kununua moja tu achukue la kati.

Uzi Mrefu
Hapo naunga mkono, na kuna sababu ya koti pia. Sweta nene ndani ya koti la kubana linagandamizwa, hewa inatoka, na joto ulilolilipia linapotea. Kwapa za koti zikibana, hata mikono huinui vizuri.

Vipimo sasa. Chukua futi, pima kifua chako, ongeza sentimita 5 hadi 8 kwa sweta la kuvaa juu ya fulana, 10 hadi 15 kwa la kuvaa juu ya shati nene. Mshono wa bega ukae kwenye mfupa wa bega, isipokuwa mtindo wenyewe ni wa bega la kushuka. Mkono uishie kwenye kifundo cha mkono. Ukinunua mtandaoni, tandaza sweta lako linalokukaa vizuri, pima kwapa kwa kwapa, zidisha kwa 2, linganisha na jedwali la muuzaji. Usiamini herufi M na L.

Shingo ndefu ya kukunja ndiyo inayoshika joto kuliko zote, maana hewa ya moto hupanda na kutokea shingoni. Shingo ya V inapendeza na shati, ila inadai skafu.

Kabati Safi
Naomba kutofautiana kidogo na Fundi: akriliki si ya kutupwa. Kwa mtoto anayechafuka kila siku, sweta linalovumilia mashine ya kufulia lina nafasi yake. Liwe tu na fulana ya kunyonya jasho chini.

La sufu lifue kwa maji yasiyozidi nyuzi joto 30, sabuni ya sufu isiyo na vimeng'enya, maana vile vya kula protini vinaila sufu yenyewe. Loweka dakika 10, bonyeza, usisugue. Nywele za sufu zina magamba; joto na msuguano huyafanya yashikane, sweta linakuwa gumu na dogo, na halirudi. Maji ya kusuuzia yawe na joto lilelile. Usikamue: liviringishe ndani ya taulo, kandamiza, kisha likaushe likiwa limelazwa. Likining'inizwa bichi, uzito wa maji huvuta mabega na mikono.

Kabla ya kulihifadhi, lifue hata kama linaonekana safi. Viwavi vya nondo hupenda zaidi palipo na jasho na mabaki ya chakula. Likunje, usilitundike kwenye henga. Ukiona matundu ya nondo, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Likitoka, usifungue mfuko mpaka lirudie joto la chumba, ili umande ushike nje ya plastiki badala ya kuingia kwenye sufu.