Mjadala: shule za mjini kuwa dada na shule za Wahadzabe, mnaonaje?

Wadau naomba tulijadili hili bila kukwepa. Kuna wanaotaka shule za Arusha na Dar ziwe shule dada, yaani shule rafiki zinazotembeleana na kusaidiana, na zile za Yaeda Chini na Mangola, karibu na Ziwa Eyasi, wanakosoma watoto wa Kihadzabe, jamii ndogo ya wawindaji na wakusanya matunda na asali, na kuna wanaosema waacheni na maisha yao ya porini. Mimi naunga mkono ila kwa sharti, safari ziwe za pande zote, na wa kwanza kusafiri awe mwalimu wa mjini.

Maana tunavyozoea ni basi linafika asubuhi, linashusha madaftari na mitumba, watoto wanachezeshwa ngoma, picha, jioni basi limeshaondoka. Kesho yake mtoto yuko pale pale. Nyumbani anaongea Kihadzane, lugha ya vidoko (sauti za kubofya kwa ulimi) ambayo haina undugu na lugha nyingine inayojulikana, darasa la kwanza anakuta Kiswahili mwanzo mwisho na wenzie wengi ni Wairaqw na Wadatoga, akikosea anachekwa anaitwa Mtindiga, jina la dharau kwa Wahadzabe. Msimu wa asali na matunda ukifika wazazi wanahamisha kambi yeye kabaki bwenini, lazima atoroke awafuate jamani, ni mtoto. Elimu bila ada ipo toka 2016 lakini ada sio iliyokuwa inamkimbiza.

Na wazee hawajasahau. Miaka ya 1964 na 1965 serikali iliwakusanya Yaeda Chini wakae kijijini, magonjwa yakawapata, wengi wakarudi porini. Leo ukienda na gari la msaada wanakuangalia tu, na wana haki.

Kwa hiyo mwalimu wa mjini aende akae muhula mzima, sio wikiendi. Zile hela za mitumba wazazi wa mjini wamlipe kijana wa Kihadzabe aliyemaliza fomu four awe msaidizi darasa la kwanza na la pili, amweleweshe mtoto kwa lugha ya mama yake. Wanafunzi wa Arusha nao wakienda wakae chini ya wazee wafundishwe kusoma nyayo, kuchimba mizizi, kumfuata ndege anayeonyesha mizinga ya nyuki, na mwalimu wao aihesabu kama sayansi kabisa maana ndo sayansi yenyewe.

Kwa mnaosema wakisoma watapotea, mwaka 2011 Wahadzabe walipata hatimiliki za kimila za ardhi yao. Zile karatasi zimeandikwa Kiswahili cha ofisini, mkutano wa kijiji ukikaa na mfugaji au mkulima anataka kipande, nani atasimama azisome na kuzitetea kama hakuna kijana wao aliyesoma akarudi?

Ninapokwama ni hapa, mshahara wa huyo msaidizi tuwaachie wazazi wa mjini ambao mwakani wanaweza kuchoka, au tuibane halmashauri iuweke kwenye bajeti? Walimu mliofundisha kule tupeni uzoefu.