Baba mkwe anataka kupima damu ya mwanangu kwenye bakuli kama kwenye tamthilia ya Kichina. Nifanyeje?

NyumbaYaUdongo
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nina jambo ambalo jirani nikimwambia atacheka mpaka akae chini, ila mwenzenu sicheki.

Baba mkwe yuko kwetu tangu alipotolewa mtoto wa jicho. Macho yalipotulia, mume wangu akamletea flashi ya tamthilia ya Kichina iliyotafsiriwa na DJ, ya hakimu wa kale anayechunguza maiti, Song Ci. Nakiri hata mimi ilininogea. Tukishakula tunakaa wote sebuleni, mzee anasimamisha kila mara kumtaja muuaji, na mara nyingi anapatia.

Sasa kuna kipindi damu ya baba na ya mtoto zilidondoshewa kwenye bakuli la maji. Zikiungana, ni damu moja. Zikitengana, mama ajieleze. Mzee alinyamaza, kisha akamtazama mwanangu wa miaka mitatu. Mwanangu ni mweupe, kafuata kwa bibi mzaa mama yangu, na mawifi wanalisemea hilo chini chini tangu azaliwe. Asubuhi kwenye chai mzee akaniambia: "Mwanangu, ni sindano moja tu, watu watulie."

Nikasema baba, yale ni maigizo. Akanijibu: "Na yale ya inzi kuufuata mundu wa muuaji? Si mlisema yamo kwenye kitabu cha Song Ci mwenyewe?" Nikakosa neno. Majibu siyaogopi, mtoto ni wao. Ninaloliogopa ni bakuli. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Chachandu
Muwekee damu ya jogoo, mtoto akionekana si wa jogoo kesi imeisha 😂

FundiDarubini
Pole dada. Mimi niko maabara. Chembe nyekundu za damu zikiingia kwenye maji matupu hunywa maji, huvimba na kupasuka, na ule wekundu husambaa. Kwa hiyo damu yangu na ya mbuzi zitaungana vizuri tu. Ukitia chumvi kiasi hazipasuki upesi. Tone likishaanza kuganda nalo hukaa kivyake. Kinachopimwa pale ni maji.

Wachina wenyewe wanalijua hilo. Kwenye tamthilia ya Zhen Huan ya 2011, ile ya wake wa mfalme, maji ya bakuli yalitiwa shabu ili damu yoyote iungane. Shabu hii hii anayotupaka kinyozi baada ya wembe. Ina maana mwenye kushika bakuli ndiye mwenye hukumu, na kwenu bakuli litashikwa na nani? Wifi?

Na sindano moja isipite kwa watu wawili, hata kwa mzaha.

KaratasiKuukuu
Mimi namtetea mzee kidogo, kwa sababu swali lake ni zuri. Song Ci alikuwepo kweli, ofisa wa China enzi ya utawala wa Song ya Kusini, alizaliwa 1186 akafa 1249. Kitabu chake cha kuchunguza maiti kilitoka 1247. Kama mnaangalia ile ya 2005 yenye vipindi 52, aliyemwigiza ni He Bing.

Kisa cha mundu kimo humo, ila mkaguzi hakuwa Song Ci. Ametajwa bila jina. Marehemu alikatwa zaidi ya mara kumi na vitu vyake havikuguswa, mkaguzi akasema huyu hakuuawa na mwizi. Akamuuliza mjane nani aligombana na mumewe karibuni. Akatajwa mtu aliyekuja kukopa akanyimwa, akaondoka na vitisho. Hapo ndipo majirani wakaamriwa kuleta miundu, ikafika 70 na kitu, ikapangwa chini juani, inzi wakaufuata mmoja. Mnaona? Inzi walikuja mwishoni, baada ya maswali.

Damu nayo imo. Lakini kwenye kitabu damu ya mtoto hudondoshewa kwenye MIFUPA ya mzazi aliyekufa, ikizama ni wake. Ni uongo vilevile, mfupa mkavu unanyonya damu ya yeyote. Song Ci alikusanya na mambo aliyoyakuta yakisemwa. Mtu huyo huyo aliandika kwamba aliyeungua akiwa hai hukutwa na majivu mdomoni na puani, na hilo mpaka leo linaangaliwa. Alipatia mengi, hapa akakosea.

Kwa hiyo mwambie mzee kwa adabu: baba, tukifuata kitabu, tuanze na mifupa ya babu.

BibiHarusiMstaafu
Nyie mmejaa elimu mpaka mmemsahau mtu mmoja. Mwanangu, mumeo amesema nini? Baba yake amesema maneno hayo kwenye chai, yeye alikuwa anapaka siagi? Mzee ni wake, dada ni zake, azungumze yeye. Mkwe akibishana na baba mkwe hata akishinda ameshindwa.

FundiDarubini
Bibi kapiga penyewe. Niongeze tu: wakikazana, kipimo cha vinasaba (DNA) kipo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kuna sheria yake ya 2009. Huendi mwenyewe na mtoto mgongoni, maombi hupitia mahakama, wakili, ustawi wa jamii au daktari. Lakini dada, usikitaje wewe kwanza. Ukikitaja wewe, mawifi watasema umekubali kuna la kupima.

NyumbaYaUdongo
Nimerudi. Jana nilimsomea mzee hiyo ya mifupa. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Baba yangu kalala Korogwe, nani atafukua?" Akacheka hadi akaondoa miwani kufuta machozi, na daktari alishamkataza kulishika lile jicho.

Mume wangu, bibi, kweli alikuwa anapaka siagi. Jana usiku nilimuuliza kama wewe ulivyoniuliza. Leo asubuhi nimesikia yuko nje anaongea na dada yake mkubwa kwenye simu, sauti juu. Sikutoka.

Ila mzee hajaachia yote. Jumapili tunachinja kuku wawili, anataka kuona kama damu zao zitaungana. Nimempa kopo la plastiki, mabakuli yangu ya harusi nimeyafungia.