Sensa za NPN au PNP kwa mashine ya kujaza chupa: nichukue zipi?

Fundi_Tabata: Habari za jioni wakuu. Kiwandani tunabadilisha sensa za ukaribu (zinazohisi chuma kikisogea karibu), M12 (uzi wa milimita 12) za nyaya tatu. Kariakoo NPN (zinazovuta ishara hadi 0V) zipo tele na bei yake iko chini kuliko PNP (zinazotoa +24). Kesho asubuhi napeleka oda. Nichukue zipi?

Kibo24V: Mkuu, hujataja PLC (kompyuta inayoendesha mashine), wala komoni ya maingizo (terminali ya pamoja ya ishara zinazoingia) imeungwa wapi. Tukujibuje? Na zilizopo sasa zimeandikwaje?

Nyundo_Mombasa: PNP tu. Mimi NPN siweki kwenye paneli yangu.

Fundi_Tabata: PLC ni Siemens S7-1200, CPU 1214C. Sensa zilizopo maandishi yamefutika kwa maji na sabuni.

Kibo24V: Basi tazama terminali ya 1M, ndiyo komoni. Ikiwa kwenye 0V, ingizo linasubiri kuletewa +24: hapo ni PNP. Ikiwa kwenye +24, ingizo linasubiri kuvutwa chini hadi 0V: hapo ni NPN. S7-1200 inakubali zote, ila maingizo yote 14 ya hiyo CPU yanatumia 1M moja, kwa hiyo huwezi kuchanganya. Kama nyaya hazifuatiliki, chomoa waya mweusi wa sensa, upime kati ya terminali ya ingizo na 0V. Ukikuta karibu 24, ni ya NPN.

mama_paneli: Naungana na Nyundo, na sababu ninayo. Kuna kiwanda cha maji niliitwa, mashine yake yote NPN. Waya mweusi wa sensa inayosema silinda imerudi nyuma ulisagwa na mnyororo wa konveya hadi shaba ikagusa bodi ya mashine. 0V ya pawasaplai imeungwa ethi, kwa hiyo kwa PLC ile shoti ilikuwa sawasawa na sensa kuona chuma. Mkanda ukaruhusiwa kutembea silinda ikiwa bado mbele. Chupa zikalundikana, mkono wa kukamatia ukapinda. Na taa ya ingizo inawaka vizuri kabisa, ndiyo maana fundi wa zamu alikesha akifungua valvu. Ingekuwa PNP, shoti hiyo hiyo ingezima ishara na mashine ingesimama.

DeltaThika: Pole, lakini hapo kosa ni la waya kupita kando ya mnyororo bila kinga. PLC za Mitsubishi FX nyingi huku kwetu zinatembea na NPN miaka yote. Kwa FX3U unahamisha tu S/S (komoni yake), boss. Na mtu asitegemee sensa ya kawaida kulinda mkono wa mtu, iwe NPN au PNP.

Nyundo_Mombasa: Hakuna aliyetaja mkono wa mtu. Tunazungumzia mashine kudanganywa.

Juakali_Arusha: Nunua hizo za bei nafuu, weka rezista ya 2.2k kutoka +24 hadi waya mweusi. Inafanya kazi.

mama_paneli: Inafanya kazi kinyume. Sensa ikiona, ingizo linazima. Waya mweusi ukikatika, ingizo linabaki limewaka. Programu nzima ibadilishwe kwa ajili ya kuokoa hela ya sensa?

Juakali_Arusha: Basi aweke rilei.

Kibo24V: Kwa sensa ya mlango sawa. Kwa kuhesabu chupa zinazokimbia rilei itachelewa na kuchakaa upesi, bora optokapla (inayopitisha ishara kwa mwanga, haina sehemu inayosogea). Halafu mkuu, mwangalie anayefunga: kahawia ni +, bluu 0V, nyeusi ishara. Mafundi waliozoea umeme wa nyumba hubabaika hapo.

Fundi_Tabata: Nimefungua paneli. 1M iko 0V. Ila pembeni kuna moduli ya maingizo 8 yenye 1M na 2M zake. 1M iko 0V, 2M iko +24.

Kibo24V: Basi mashine yako imechanganywa. Sensa zipi zinaingia kundi la 2M?

Nyundo_Mombasa: Hamishia 2M kwenye 0V, zote ziwe PNP, umalize.

DeltaThika: Usiguse 2M kabla hujaona mchoro. Huenda kuna enkoda (sensa ya kuhesabu mizunguko) ya NPN hapo.

Fundi_Tabata: Mchoro hatuna. Nafuatilia waya mmoja mmoja, nitaweka picha. Duka linafungua saa mbili.

Juakali_Arusha: Wakati unasubiri, nani anajua bei ya optokapla za reli Arusha?