Mrejesho: gari iliyokuwa inatetemeka nikikanyaga mafuta

Wakuu, habari za Dodoma ni njema. Niliuliza kuhusu gari yangu ya kuvuta tairi za mbele: kati ya spidi 60 na 80, hasa kwenye mlima, kiti na sakafu vilitetemeka nikikanyaga mafuta, nikiachia inatulia.

Nilianza na balansi ya tairi kwa kuwa ndiyo nafuu. Usukani ulitulia spidi kubwa, lakini mtetemo wenyewe ukabaki palepale. Waliosema "kama unapotea ukiachia mafuta, kaangalie shafti" walikuwa sahihi kabisa (shafti ni kile chuma kinachotoka gia boksi kuzungusha tairi). Fundi wa Kizota alichomoa ya kulia. Raba ya jointi ya ndani, upande wa gia boksi, ilikuwa imechanika kwenye mkunjo. Grisi iliyobaki nyeusi, ukiisugua vidoleni inakwaruza kama mchanga. Roli, vile vigurudumu vya ndani ya jointi, zilikuwa zimechimba kikombe chake hadi ukipitisha kucha inanasa.

Tukafunga shafti nzima ya mtumba. Nimepanda nayo mlima Nyang'oro kwenda Iringa na mzigo: kimya!

Kilichobaki ni kutikisika kidogo nikisimama kwenye taa, gia ikiwa D na AC imewashwa. Hiyo ni mauntingi ya injini (kishikizo chake kwenye bodi), raba yake imepasuka, bado sijabadilisha.

Mkuu uliyenizuia nisikubali kufumua gia boksi, Mungu akubariki sana. Fundi wa kwanza alishaanza kunipigia hesabu yake. Asanteni nyote.