Meneja alipakia mzigo apate cheti, dawa zimeisha muda ninakatwa mimi. Marepu wa dawa tukutane hapa

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni repu wa dawa, yaani mwakilishi wa mauzo wa kampuni ya dawa. Wale mnaowaona kwenye mabenchi ya kliniki na begi jeusi, tai shingoni saa nane mchana na jua la Mwanza, tunangoja dokta amalize foleni ya wagonjwa ndipo tupate dakika zetu tatu. Nina stashahada ya famasia, na huu ni mwaka wa 7 nazunguka Kanda ya Ziwa. Jina la kampuni silitaji, na anayenijua humu naomba anyamaze.

Jumatatu nimepewa karatasi nisaini. Inasema ninakubali kukatwa laki 3 kila mwezi kwa miezi 11, kufidia chupa 330 za dawa zilizoishia muda kwenye duka la mteja wangu wa jumla. Mshahara wangu ni laki 9 na nusu. Nyumbani kuna watoto wawili na kodi ya miezi sita inakaribia.

Sasa sikilizeni hizo chupa zilifikaje pale.

Mwaka jana, mwisho wa mwezi mmoja, tageti yangu ilikuwa milioni 40 na nilikuwa nimefika 31. Kwangu haukuwa mwezi mbaya. Tarehe 27 meneja wa kanda akanipigia kutoka Dar: "Hizo 9 zilizobaki zipo kwa yule mzee wako wa jumla. Mpakie ile antibayotiki ya watoto." Ni ile ya unga, amoksilini yenye klavulaneti, ya kuchanganya na maji. Ilikuwa imelala stoo yetu na imebakiza miezi 8. Nikamwambia bosi, mzee anauza chupa 70 kwa mwezi, msimu wa mafua labda 80. Milioni 9 ni chupa 900. Hata mtoto wa darasa la nne ukimpa 900 agawanye kwa 70 atakwambia ni karibu miezi 13, na dawa ina miezi 8. Akanijibu, "Wewe ni muuzaji au mhasibu?"

Nikaenda. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilienda kwa miguu yangu. Shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, chai ikaletwa, nikamweleza kuna siku 60 za mkopo. Mzee alitazama tarehe kwenye boksi, akanitazama mimi, akasema, "Nachukua kwa ajili yako. Ikinilalia unakuja kuibeba mwenyewe." Nikampigia bosi mbele yake, simu ikiwa spika. Bosi akasema, "Mzee usiwe na wasiwasi, tutarudisha." Kwa mdomo. Yule bwana haandiki kitu, kumbukeni hilo, nitalirudia.

Robo ile ya mwaka ilipoisha meneja wetu akapewa cheti cha meneja bora wa kanda. Picha ikapigwa, keki ikakatwa. Mimi nikapewa tageti mpya: milioni 46, kwa sababu "mmeonyesha mnaweza." Na mzee stoo yake imejaa dawa yangu, atanunua nini tena? Mwezi uliofuata nikauza 24. Saa nne usiku jina langu likabandikwa kwenye kundi la WhatsApp na alama nyekundu, watu 19 wanasoma: "Huyu tumsaidieje?" Mke wangu aliisoma ile meseji kabla yangu.

Miezi 8 ikapita. Mzee aliuza alivyoweza, akalipa alichouza, zikabaki 330. Nikaomba zirudishwe kama tulivyoahidi. Kampuni ikasema haipokei dawa iliyobakiza chini ya miezi mitatu. Meneja nikimkumbusha ile simu ya spika anasema haikumbuki. Ripoti yake ya juu imeandikwa kwamba repu "alimlazimisha mteja kuchukua mzigo kupita uwezo wake."

Nani alimlazimisha nani?

Kuna watakaokuja na "acha kazi, kazi ziko nyingi." Tulieni kwanza, maana sijasema mameneja wote ni hivi. Kabla ya huyu nilikuwa chini ya dada mmoja aliyewahi kuwa muuguzi. Miaka mitatu. Kila mwezi alikuwa anakuja siku mbili, na hakai hotelini kuniita nimpelekee ripoti kama mtoto wa shule. Tunapanda Hiace wote kwenda Magu na Bunda, anakaa nami benchini, tukiingia kwa dokta ananiacha niongee mimi. Tukitoka haniulizi nimeuza ngapi. Ananiuliza, "Mdogo wangu, dokta alisema nini ulipokuwa unafunga begi?" Mwanzoni sikumwelewa. Baadaye nikagundua dokta anakusikiliza kwa adabu tu, halafu ukiwa unafunga zipu ndipo anasema la kweli: kwamba dawa yako ya presha ni nzuri ila mgonjwa akifika famasia anaambiwa haipo, au kwamba watoto wanaitema sharubati yako kwa uchungu. Kwa swali hilo moja nilijifunza kazi kuliko semina zote za hoteli ya ufukweni.

Dada yule alijua na namna nchi hii inavyonunua dawa. Huyu wa sasa ananiuliza kwa nini hospitali ya wilaya kule mkoani Simiyu haijatoa oda. Bosi, hospitali ya serikali inaagiza Bohari ya Dawa (MSD), ikikosa kule inakwenda kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuziba pengo. Na dokta wa serikali anatakiwa aandike jina la dawa yenyewe, la kampuni yetu halimhusu. Mimi pale naweza kuelimisha, kuuza ni kwenye hospitali binafsi na famasia za mjini. Dada alilijua hilo, akapigana makao makuu tageti zigawanywe kufuata eneo, Simiyu isipimwe kwa kipimo cha Kariakoo. Akashinda kwa mwaka mmoja. Mwisho wa mwezi ukikaribia alikuwa anasema, "Duka la mteja si stoo yetu." Mwanangu wa kwanza alipolazwa Bugando siku 9, alipanda basi kutoka Dar akafanya mzunguko wangu mwenyewe, na mauzo akayaandika kwa jina langu.

Akaondolewa. Walisema namba zake "zimesimama." Namba zake zilikuwa za kweli, basi, na namba ya kweli haipandi kama maandazi. Wakamleta huyu, aliyekuwa repu bingwa wa Dar miaka miwili mfululizo. Ndiyo ugonjwa wa kampuni zetu: anayeuza sana anapewa watu. Kuuza anajua, hilo simnyimi, tatizo ni kwamba hajui kingine.

Halafu kuna ile ramani. Tulifungiwa programu kwenye simu inayoonyesha uko wapi. Siku moja nakwenda Geita, enzi za kivuko, daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa. Foleni ya magari pale Kigongo mnaijua wenyewe. Simu inaita: "Mbona kitone chako hakisogei dakika 50? Umelala?" Namwambia nasubiri kivuko. "Kivuko gani?" Mtu ni meneja wa Kanda ya Ziwa. Ilibidi nipige picha ya ziwa nimtumie. Tangu Juni 2025 tunapita darajani kwa dakika chache, lakini bado anauliza kwa nini nimesimama.

Na nikiri, kwa sababu humu hakuna malaika: programu ile imetufundisha uongo. Ukitakiwa uone madokta 10 kwa siku na kliniki ina wawili, unaenda kusimama getini simu isome mahali, unajaza majina ya madokta ambao siku hiyo wapo likizo. Nimefanya. Wenzangu nao wamefanya. Meneja anajua, na anapeleka ripoti hiyo hiyo juu.

Sasa lile la mdomo. Kuna madokta, si wengi, wanaotaka "asante" ndipo waandike dawa yako. Huyu bwana hutawahi kuona meseji yake inayosema mpe. Atakupigia: "Mwone dokta vizuri, fedha ya mafuta si unayo?" Fedha ya mafuta inapunguzwa humo humo. Siku TAKUKURU wakikukuta na bahasha mlangoni kwa dokta, Sheria ya Rushwa ya 2007 itakusoma wewe na jina lako kwenye kitambulisho cha kazi. Bosi yuko Dar na simu zake hazina maandishi. Kule Marekani kampuni ya Insys ilikuwa inawalipa madaktari kwa kisingizio cha kutoa mihadhara ili waandike dawa yake kali ya maumivu, ya fentanili. Mwaka 2019 mahakama ya Boston haikuishia kwa marepu, ilimtia hatiani hadi mwanzilishi John Kapoor, na Januari 2020 akahukumiwa miezi 66. Huku kwetu anayetolewa kafara ni mwenye begi.

Turudi kwenye karatasi yangu. Nimekaa na jamaa anayejua sheria, akanisomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Mwajiri hakukati kufidia hasara hivi hivi. Hasara iwe imetokana na kosa lako, upewe nafasi ya kujieleza kwanza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya laki 9 na nusu ni 237,500. Wameandika laki 3! Ina maana hata aliyechapa karatasi hakusumbuka kufungua sheria, alijua repu atasaini kama marepu wanavyosaini kila kitu. HR nilipomtajia kifungu alishtuka kidogo, akasema, "Wewe saini kwanza, mengine tutaongea." Tutaongea kwa mdomo, bila shaka.

Jana nilikwenda kwa mzee. Sikuwa na la kuuza, nilikwenda kumwomba radhi. Maboksi ameyapanga nyuma karibu na choo, ameyaandikia kwa maka "YASIUZWE," anasubiri utaratibu wa kuyateketeza, ambao nao una gharama na sijui atalipa nani. Aliniambia yuko tayari kuandika barua kwamba simu ile ya spika aliisikia kwa masikio yake, na kijana wake wa kaunta naye aliisikia. Sikutegemea.

Kwa hiyo wakuu, ninachoomba ni kwa waliowahi kwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kwa suala la makato wakiwa bado kazini: mlifungua vipi shauri, ilichukua muda gani, na kazini mliishije wakati huo? Barua ya mzee inatosha bila rekodi ya simu? Wanaotaka kuniita mvivu wa tageti waendelee, nimeshazoea alama nyekundu. Karatasi iko hapa mezani, wanaitaka Ijumaa, na sijasaini.