Dini moja huimarisha dola? Tuiangalie Sudan

Mleta mada:

Ndugu zangu, hoja inarudiwa kila siku kwamba nchi ya dini moja hutulia na ya dini mbili hupasuka, na mfano huwa ni Sudan. Mimi naona Sudan inatufundisha kinyume.

Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, uliomaliza vita vya Kaskazini na Kusini mwa Sudan, uliipa Kusini utawala wake wa ndani, na amani ikadumu miaka 11. Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi walikuwa walewale. Aliyebadilika ni Jaafar Nimeiry, rais wa Sudan wakati huo. Madeni yalimwelemea, washirika wakampungukia, mafuta yalishagunduliwa karibu na Bentiu. Juni 1983 akaigawa Kusini mikoa mitatu, Septemba akatangaza sharia. Na wengi wanasahau kwamba askari wa Kusini katika mji wa Bor waliasi Mei, kabla ya sharia hiyo. Huyo ni mtawala aliyeishiwa nguvu, akaenda kuitafuta kwenye dini.

Mchangiaji, Nairobi:

Unarahisisha mno, kaka. Mwaka 1960 Khartoum iliwafutia watu wa Kusini mapumziko ya Jumapili ikawawekea Ijumaa, wanafunzi wakagoma. 1964 wamisionari wakafukuzwa. Nimeiry hakuwa madarakani. Na kule Machakos, hapa Kenya, 2002, serikali ya Khartoum na waasi wa Kusini walipokaa kuzungumza amani, kabla ya kugusa mafuta walianza na dini na dola: Kaskazini ibaki na sharia, Kusini isiguswe, kisha baada ya miaka 6 watu wa Kusini wapige kura. Januari 2011 walipiga hata hapa Nairobi. Karatasi ilikuwa na picha mbili: mikono iliyoshikana kwa wanaotaka umoja, na mkono mmoja ulioinuliwa kwa wanaotaka kujitenga. Karibu asilimia 99 waliuchagua ule mmoja. Mtu aliyenyang'anywa Jumapili yake haambiwi dini haikuhusika.

Mleta mada:

Ya Jumapili nakukubalia, na imenigusa. Sikusema dini haikuhusika. Nasema mpaka ulichorwa, kila upande ukabaki na dini yake, na dola haikupatikana upande wowote. Desemba 2013, miaka miwili na nusu tu baada ya uhuru wa Sudan Kusini, risasi zililia mji mkuu wake, Juba, kati ya watu wa Rais Salva Kiir na wa Riek Machar, aliyekuwa makamu wake, Wakristo wote wawili. Aprili 2019 Papa Francis, mzee wa miaka 82, alipiga magoti Vatikani akawabusu miguu akiwaomba wadumishe amani. Huko Kaskazini, Darfur, eneo la magharibi mwa Sudan, ilikuwa inaungua tangu 2003, Waislamu kwa Waislamu, na Aprili 2023 jeshi na kikosi cha wanamgambo cha RSF wakaanza kuuana mjini Khartoum ndani ya mwezi wa Ramadhani.

Dini niliiona ikijenga mahali pamoja: Wunlit, kijiji cha Kusini, 1999. Makanisa yaliwakutanisha machifu wa Wadinka na Wanuer. Fahali mweupe akachinjwa, kwa mila za wafugaji wale. Wakakubaliana kurudisha wanawake na watoto waliotekwa, na kufungua malisho na mito ya uvuvi. Wenye bunduki hawakuwa waandaaji.

Basi anayeshikilia hoja ya dini moja anijibu hili: Khartoum ya 2023 ilipungukiwa dini gani?