Timu ya Pokémon: kupiga tu, balansi, au kuta? Nisaidieni kuchagua

kaka_wa_tudor:
Waambaje wana. Likizo hii tuna kishindano kidogo nyumbani kwa jamaa mmoja Bamburi, Pokémon (wale vijidude wa game) kwa Showdown, ule mtandao wa kuwapiganisha, kila mtu na simu yake na bando lake, mmoja kwa mmoja, sita kwa sita, levo 100. Wale wa hadithi (legendary, wenye nguvu kupita wengine) hawaruhusiwi na Tera, ile ya kubadili taipu (moto, maji, barafu na kadhalika) katikati ya mechi, tumekubaliana tuizime maana yaleta ugomvi. Timu yangu ni Garchomp, Gyarados, Charizard, Gengar, Dragonite na Lucario. Wote wapigaji. Sasa niko njia panda: niiache hivi hivi nibadili aitemu tu (kile kifaa abebacho kila mmoja), au nitoe wawili watatu niweke wa kuzuia iwe na balansi, au nihame kabisa niende ule mchezo wa kuta, wa kuzuia tu mpaka mpinzani achoke, Toxapex, Blissey na wenzao, kuna kijana wa Nyali hucheza hivyo na akianza baada ya Alasiri basi Isha yamkuta bado yuko kwa mechi ile ile. Semeni, lakini mnipe sababu, si mtu anambia "weka hii weka ile" halafu apotea.

dagaa_mzito:
Usiguse kitu. Kwa simu timu ya kupiga ndio raha, zamu chache, mechi fupi, betri yadumu. Dragonite apige Dragon Dance mara moja tu, atake (nguvu ya kupiga) na spidi zimepanda zote mbili, halafu ana Extreme Speed ambayo yatangulia karibu kila kitu, sasa mtu atafanya nini? Ukuta wauweka wa nini kama mwenzio hajapata nafasi ya kukupiga. Mpe Charizard Heavy-Duty Boots, mpe Lucario Life Orb ya kuongeza nguvu, twende.

bint_kisauni:
Kaka dagaa kwa heshima zote, hiyo timu akutane na mtu mmoja tu aliyeweka Stealth Rock, yale mawe ya kutega, atalia. Hebu tuhesabu. Yale mawe hukata moja ya nane ya laifu kwa mtu wa kawaida kila akiingia uwanjani, lakini hufuata udhaifu wa taipu. Charizard ni moto na kuruka, zote mbili zaogopa mwamba, kwa hivyo akiingia tu nusu ya laifu imekwenda, hajapigwa, hajapiga. Gyarados robo. Dragonite robo, na mbaya zaidi Dragonite raha yake yote ni Multiscale, ile ya kupunguza kipigo nusu akiwa laifu imejaa, mawe yakimgusa tu haijajaa tena. Wanaoingia bila wasiwasi ni Garchomp na Lucario peke yao.

Na si mawe tu. Kaka wa Tudor mimi nakupa swali moja la kujiuliza kwa kila adui unayemjua: huyu akija mbele yangu, NANI anaingia? Si nani atampiga, kupiga kila mtu apiga. Nani anaingia, anapokea kile kipigo cha kwanza, na bado yuko hai zamu ya pili. Chukua Weavile, wa giza na barafu. Spidi yake ya msingi 125, Gengar wako ndie mwepesi kuliko wote na ana 110, kwa hivyo Weavile awatangulia nyote. Barafu yampiga Garchomp mara nne, Dragonite mara nne, giza yampiga Gengar mara mbili. Anayehimili barafu na giza zote ni Lucario tu, na Lucario laifu 70, difensi 70, difensi spesheli 70, huyo si mtu wa kupokea vipigo, ni mtu wa kupiga na kukimbia. Lucario akishachoka, Weavile aosha timu nzima huku apiga mluzi.

dagaa_mzito:
Si nimesema Boots? Mawe hayamgusi mwenye Boots. Swali limeisha.

bint_kisauni:
Haijaisha. Kila mmoja abeba aitemu moja. Ukimvisha Boots Charizard, Gyarados na Dragonite, watatu hao hawana tena Life Orb wala Choice Scarf ya spidi wala Leftovers ya kurudisha laifu, yani timu ya kupiga ambayo nusu yake yapiga kwa nguvu pungufu. Na akija mtu na Knock Off, Boots zavuliwa mbele ya watu.

Halafu angalia Gyarados na Dragonite vizuri. Wote waruka, wote Dragon Dance, wote wapiga kwa atake ya kawaida, ya mwili si ya spesheli, wote waogopa mwamba. Hiyo ni kazi moja imeajiri watu wawili. Garchomp na Lucario nao kwa kawaida wapiga upande huo huo wa atake. Mtu akiweka Corviknight mmoja, wa chuma, mwenye difensi ya maana amewazuia wanne, anabaki Charizard wa kumfungua, na Charizard ndio yule aliyeingia na nusu laifu.

likoni_ferini:
Mimi ndio nacheza kuta na nataka kusema ukweli kabla hamjaanza kunisema. Kuta ni tamu, Toxapex difensi 152 na difensi spesheli 142, akitoka uwanjani Regenerator yamrudishia theluthi ya laifu, mtu mwenye papara ajipiga mwenyewe. Lakini tangu game za Scarlet na Violet zitoke 2022 mambo si kama zamani. Recover, Roost, Soft-Boiled, za kujirudishia laifu, zote zimepunguzwa, zamani zilianza na PP (idadi ya mara za kutumia) 10 sasa 5, ukiongeza mpaka mwisho ni 8. Nane si nyingi mechi ikiwa ndefu, mpinzani mwenye akili akuhesabia tu. Kwa hivyo Kaka wa Tudor, kama hupendi kukaa na kuhesabu usije huku, na kwenye kishindano cha nyumbani watu wataka kula pilau si kukungoja wewe na Blissey wako. Nenda balansi. Kuta mbili, tatu zikizidi.

mzee_wa_gameboy:
Salaam vijana. Mimi nilianza na Gengar huyu huyu enzi za Game Boy, nataka kuongeza mawili. Kwanza, muwe waangalifu na mazoea ya zamani. Kuna watu mpaka leo wamweka Gengar wakidhani hapigwi na ardhi, Levitate, ule uwezo wa kuelea, alinyang'anywa kwenye game za Sun na Moon 2016, Earthquake sasa yamzika. Chuma nacho zamani kilihimili giza na mizimu, tangu X na Y za 2013, zile zilizoleta taipu ya Fairy, hakihimili tena. Mtu akikupa chati ya taipu muulize ya mwaka gani.

Pili, balansi si kuchukua kumi bora za watu na kuzipanga. Mwaka 2014 kule Washington Se Jun Park wa Korea Kusini alichukua ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, kichakuro cha umeme ambacho hakuna aliyekihesabu. Ule ni mchezo wa wawili wawili na Pachirisu kazi yake ilikuwa Follow Me, kuvuta vipigo vije kwake ili mwenzake apate zamu ya bure, na umeme ukija aunywa kwa Volt Absorb. Gyarados alikuwa kwenye timu ile, na Gyarados akipigwa umeme ni mara nne. Mwaona hapo? Alitafuta shimo kwenye timu yake akaweka anayelijaza.

kaka_wa_tudor:
Ami shukran, hiyo ya Gengar sikutarajia. Sasa tuseme nimekubali balansi. Nitoe nani? Na msiniambie Garchomp.

bint_kisauni:
Garchomp hatoki, kwanza ndie atakayeweka mawe yako wewe. Toa Charizard, Gyarados na Lucario. Najua wauma, lakini sikiza.

Badala ya Gyarados weka Rotom, yule wa mashine ya kufulia. Umeme na maji, na Levitate, kwa hivyo ardhi haimgusi na udhaifu wake ni mmoja tu, majani. Volt Switch apiga na kutoka hapo hapo, kwa hivyo akuletea mwenzake bila kupoteza zamu, na Will-O-Wisp yamchoma mpigaji wa kawaida, atake yake yapungua nusu (ikipata, asilimia 85, kuna siku yakosa mara mbili mfululizo wataka kuitupa simu baharini). Barafu pia aihimili, hapo umeshaanza kumjibu Weavile.

Badala ya Lucario, Corviknight. Chuma na kuruka, aogopa moto na umeme tu, ardhi na sumu hazimgusi kabisa. Ana Defog ya kufagia mawe, kwa hivyo Dragonite wako sasa apumua. Moto ukija kwa Corviknight waingiza Garchomp au Rotom au hata Dragonite, wote watatu wauhimili. Umeme ukija waingiza Garchomp na zamu ya mpinzani imepotea bure. Hicho ndicho ninachokiita balansi, udhaifu wa huyu ni chakula cha yule. Gengar mbakishe, spidi wamhitaji, na pia akiwa uwanjani mpinzani hawezi kutumia Rapid Spin kuondoa mawe yako, yampita tu kwa kuwa ni mzimu.

Nafasi ya sita ya Charizard ndio hapo pa kujadili, mimi naona Clefable, watu watasema Blissey.

likoni_ferini:
Blissey bila shaka. Laifu 714 ukimjaza, mwana. SABA MIA. Hakuna mpigaji spesheli atakayepita.

bint_kisauni:
Blissey aketi tu. Difensi ya msingi 10, na kipigo chake ni Seismic Toss, laifu mia moja tu kila zamu, na mizimu haiguswi. Akiwa uwanjani kila mtu ajiongezea nguvu kwa raha zake, Swords Dance moja, mbili, halafu utamtoa nani? Kwenye timu ya kuta yuko sawa kwa sababu nyuma yake kuna kuta nyingine nne. Hapa yuko na Gengar. Clefable laifu yake ukijaza ni 394, ndogo, sikatai, lakini dragoni haimgusi, giza aihimili, na ukimchagulia Unaware basi hizo nguvu alizojiongezea mpinzani hazihesabu. Timu yako haikuwa na jibu kwa Dragonite wa mtu mwingine, umelifikiria hilo?

dagaa_mzito:
Ndio timu imeshakuwa ya wazee hiyo. Nani apiga sasa?

bint_kisauni:
Garchomp apiga, Gengar apiga, Dragonite afunga kazi mwisho. Watatu wapiga, watatu wawafungulia njia. Wewe wataka mastraika sita na goli halina kipa.

mzee_wa_gameboy:
Dada Bint ameyasema. Mimi nitaongeza kitu kidogo ambacho vijana wengi waruka: namba za spidi. Garchomp spidi ya msingi 102, ukimpa EV (pointi za kukuza stati) 252 na tabia ya Jolly, ya kuongeza spidi, afika 333. Wale wote wa 100, Charizard, Volcarona, Salamence, na Jolly au Timid mwisho wao ni 328. Namba tano tu zawatenganisha, lakini tano hizo ndizo zakufanya upige kwanza. Sasa mtu kwa tamaa ya nguvu ampa Adamant, Garchomp ashuka 303, na wale wote wampita. Kwa Dragonite Adamant sawa, ana Dragon Dance na Extreme Speed. Kwa Garchomp wa timu hii, Jolly. EV jumla ni 510 na stati moja haipiti 252, kwa hivyo hakuna kujaza kila kitu, ni lazima uamue huyu kazi yake ni gani. Corviknight laifu na difensi, usimpe hata chembe ya atake, naona watu wampa.

kaka_wa_tudor:
Haya nimeandika: Garchomp wa mawe, Rotom, Corviknight, Clefable wa Unaware, Gengar, Dragonite na Boots. Nimejaribu mechi chache usiku huu na yule wa Nyali nimempata mwenyewe, Clefable wake aliingia kwa Clefable wangu tukaangaliana zamu nzima nzima. Nimeshinda lakini stima ilikaribia kunipotezea. Je, kama jamaa watasema tucheze wawili wawili timu hii yafaa?

likoni_ferini:
Haifai. Huko kila mmoja aleta sita achagua wanne, mechi fupi, mawe hayana maana sana kwa sababu watu hawaingii na kutoka ovyo. Earthquake ya Garchomp yampiga na mwenzake pia. Huko wataka Protect ya kujikinga karibu kwa kila mtu, wataka Fake Out ya kumpotezea mpinzani zamu, wataka Tailwind ya kuongeza spidi au Trick Room ya kuigeuza. Incineroar huko ni mfalme kwa Intimidate ya kushusha atake na Fake Out na Parting Shot ya kudhoofisha na kutoka, kwenye timu yako hii sijui ungemweka wapi. Ikifika hiyo fungua uzi mwingine, tusichanganye.

mzee_wa_gameboy:
Dragonite, Rotom na Gengar waweza kuvuka nao, wengine anza upya.

bint_kisauni:
Na Kaka wa Tudor, mkianza mpinzani ataona sita zako zote kabla ya zamu ya kwanza, na yeye ataona Dragonite. Usimtoe mwanzo. Anza na Garchomp au Rotom, Corviknight wa mwenzio atoke kwanza au achomwe, Weavile wake afe, ndipo Dragonite aje. Ukimtoa mapema umewapa vijana wa Nyali zawadi.

dagaa_mzito:
Mimi nakuja na wapigaji wangu sita vile vile. Kaka wa Tudor nikipangiwa na wewe raundi ya kwanza usiseme sikukuambia. Na mwenye nyumba aulizwe kama ana soketi za kutosha, simu zetu zote ni za asilimia thelathini ikifika Magharibi.